Nyuki Wanamjua Mwizi

Mama mkwe kaleta sega la asali, na ile harufu ya moshi imenirudisha uani kwa shangazi. Siku moja utotoni mwangu, asali yake ilikutwa imelambwa. Alitupanga watoto, akapitisha sega lenye nyuki hai mbele ya midomo yetu.

"Nyuki wanamjua mwizi. Asiyelamba haumwi."

Sikuwa nimeonja hata tone. Ila kwa woga nilimpuliza nyuki, akaniuma mdomoni. Binti wa shangazi, aliyelamba kweli, alikuwa ametulia. "Si unaona, mama? Ni huyu."

Sasa namsikia mama mkwe sebuleni: "Nani kadokoa asali? Nyuki wanamjua mwizi."

Nimetoka mbio, nimemkuta kamsogezea mwanangu sega mdomoni.

"Mama, weka hilo sega chini. Mwanangu nitamuuliza mwenyewe."

Nimepiga magoti, nimemuuliza taratibu. Kaziba mdomo kwa mikono miwili, haitoi, macho yako kwenye sega.