Mawe ya Koko

Ukidhani natunga, sitakasirika, lakini kilichonipata kilinipata nikiwa macho, asubuhi, na chai tumboni. Mimi ni Mkamba wa kanisani. Mambo ya mizimu sikuyaamini na hata leo siyatafuti. Haya yalinitafuta yenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwongoza wageni katika hifadhi ndogo ya wanyama nje ya Kitengela, kabla ploti hazijameza ile mbuga. Kila Jumamosi tulikuwa na matembezi ya bure. Unaonyeshwa pundamilia, ndege na miti ya dawa, halafu unasimuliwa historia ya mahali. Niliipenda kazi hiyo kupita kiasi. Shida ni kwamba watu walikuwa wameacha kuja, hasa Wamaasai wa hapo hapo, ambao historia yenyewe ilikuwa yao. Mkubwa wetu akaniambia mwezi ukiisha hivyo, matembezi yanafungwa na mimi narudi kufungua geti.

Basi nikazidisha ufundi. Karibu na boma moja lililohamwa kulikuwa na rundo la mawe, na kwa wiki kadhaa nilikuwa nayachukua kwa wilbaro, nayapaka chokaa na kuyapanga kando ya njia. Sasa nikabeba karibu yote yaliyobaki. Njia ikapendeza, usiniulize. Rundo nalo nikalitungia historia, kwamba wachungaji walisimama juu yake kuangalia simba. Nani angenipinga?

Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Julai, ukungu hadi magotini, na mgeni alikuja mmoja tu. Bibi wa Kimaasai, mzee sana, na viatu vyake vya tairi. Niliinamisha kichwa, maana huko mdogo hatoi mkono kwa mzee, anainama aguswe utosini. Mkono wake ulikuwa baridi kama bomba la asubuhi. Nikaulaumu ukungu.

Akataka kujua mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia kwetu ni Machakos. Akacheka mpaka akashika kiuno.

"Kwa hivyo wewe ndiyo unanionyesha kwetu?"

Nikampenda hapo hapo. Tulitembea polepole, akinirekebisha majina ya miti bila kuniaibisha. Lakini kila baada ya hatua chache aliinama, akaokota jiwe, akalifuta chokaa kwa ncha ya shuka na kulikumbatia. Alipofikisha saba nikashindwa kunyamaza. Nikamwita Koko, kama wanavyowaita nyanya zao.

"Koko, hayo ni mawe ya ofisi."

"Nilipewa moja moja," akasema. "Kila mtu akipita, ananiwekea moja. Sasa nalala nikisikia baridi, mtoto wangu."

Niamini, sikuelewa. Nilifikiri ni uzee, nikamhurumia. Tulipokaribia rundo nikatangulia kumwondolea matawi ya miiba, na nilipogeuka hakukuwa na mtu. Umande wa nyasi ulikuwa umevurugwa na buti zangu tu. Juu ya lile rundo yalikuwa yamepangwa mawe saba, safi, bila chokaa.

Nilikimbia hadi jikoni. Mwenzangu Lemayian, Mmaasai wa hapo hapo, alikuwa amerudi kutoka likizo ndefu usiku uliopita, na alipokuwa akinisikiliza aliweka kikombe chini. Lile ni kaburi, akasema. Ni la mkunga aliyezalisha akina mama wa upande wote ule. Si kawaida mwanamke kuwekewa mawe, lakini yeye walimwekea, na kila anayepita huongeza lake. Watu walikuwa wameona mawe ya nyanya yao yamepakwa chokaa kuwafurahisha wageni. Wakanyamaza, wakaacha kuja.

Niliona aibu sana, sikufichi. Siku nzima nilisukuma wilbaro, nikasugua jiwe moja moja penye tangi la maji na kulirudisha. Nilijua njia itabaki uchi na mkubwa atanifukuza. Nilipoweka la mwisho, jua likizama, nikainamisha kichwa bila kujua kwa nini. Mkono ukanigusa utosini. Ulikuwa na joto.

Lemayian alipeleka habari nyumbani kwao. Jumamosi ya mwisho wa mwezi wakaja, akina mama, wazee na watoto, kila mmoja na jiwe mkononi. Siku hiyo sikusimulia historia yoyote. Wao walisimulia, mimi nikasikiliza, na mkubwa akasimama nyuma akisikiliza pia. Habari ya geti haikutajwa tena.

Sasa nina upara, na asubuhi za baridi za Julai kila mtu anavaa kofia isipokuwa mimi. Mke wangu alinicheka mpaka siku aliyoniwekea kiganja hapa utosini. Aliuondoa mkono taratibu, akaenda kuweka chai.

Wewe unayenunua ploti upande ule, ukikuta mawe yamerundikwa, uliza kwanza ni ya nani. Na kama umeshayabeba, yarudishe. Koko hana hasira na wewe. Anasikia baridi tu.