Mchambuzi na Mama wa Ziwani

Kazi yangu ni kahawa, lakini hapa Mbinga wengi wananijua kwa uchambuzi. Tuna kundi letu la simu: shabiki anaangalia filamu ya mapigano, anajirekodi akiisimulia kwa vituko vyake, anatutumia. Sisi tunazima sauti ya filamu, tunafungulia ya kwake. Mimi ndiye hakimu. Anayechekesha namsifu, anayeboa namwambia kavu, na wapo walioninunia.

Nyumbani lakini nilikuwa na kidonda. Mama mkwe wangu, kule Liuli, hakuwahi kuongea nami zaidi ya salamu, tena kwa kunong'ona, khanga imefunika mdomo. Najua, mtu hapigi soga na mama wa mkewe, ndiyo heshima. Ila mimi nilifiwa na mama ningali mdogo, na nilitamani mno aniongeleshe. Iliniuma, sifichi.

Basi ikaanza kuingia sauti ya mama mmoja, inatumwa na fundi simu wa huko ziwani. Weee! Jambazi anashika bastola, mama anamkemea: "Weka hicho chuma chini, njoo tuanue dagaa wa usipa, mvua hiyo!" Shujaa anaruka kutoka ghorofani: "Kwenu wanajua kama uko huku?" Nilicheka mbavu zikaniuma. Mke wangu akisikia, alikuwa anakaa chini kabisa kwa kicheko. Nikaandika: "Mama wa Ziwani ni moto. Ila anawahurumia mno majambazi. Jambazi aogopwe, bwana!"

Filamu iliyofuata akanijibu humo humo, katikati ya risasi: "Mchambuzi wa Mbinga anataka nimwogope huyu. Miguu yenyewe myembamba hivi, nimwogope kwa lipi?" Kundi zima likanicheka. Nikamjibu, naye akanijibu. Ikawa kila wiki tunataniana kama mtu na shemeji yake.

Pasaka tukashuka ziwani, Liuli, kwa wakwe. Nimekaa uani nakula, nikasikia jikoni mtu anamfokea kuku: "Toka hapa, na hayo macho yako ya kipelelezi!" Mchuzi ukanipalia. Sauti ni ile ile! Loo, nimemtania mama mkwe mbele ya kadamnasi! Nikamwambia mke wangu tuondoke upesi, uso wangu nitauweka wapi?

Akacheka. "Kaa hapo. Mama alijua tangu siku ya kwanza kuwa ni wewe. Aliniambia, 'Ana kwa ana siwezi, naona haya. Acha niongee na mwanangu kwenye filamu.'"

Mwanangu. Machozi yakanitoka, tonge liko mkononi. Nikachukua simu ya mke wangu, maana namba ya mama sikuwa nayo, nikamrekodia na kumtumia: "Shikamoo mama. Ni mimi, mwanao."

Jikoni simu yake ikalia. Kisha nikamsikia mara mbili, kwanza nyuma ya ukuta, halafu kwenye simu: "Marahaba, mwanangu. Haya, washa filamu, leo tunaisimulia wote."

Tukaisimulia, yeye jikoni, mimi uani, mpaka majirani wakaja na vigoda vyao.