Narsim Hawezi Kutulia

Narsim alikuwa mgema ambaye hata chakula alikila amesimama. Sahani mkononi, anazunguka jikoni, mkewe Wartini anamkemea, "Kang," yaani kaka, "utakanyaga moto." Alipanda minazi ishirini na minane kila asubuhi, akairudia jioni, na Wartini aliuchemsha utomvu mpaka ukawa sukari. Karibu sisi sote hapa Banyumas tunaishi hivyo.

Januari moja mvua ilinyesha siku tatu mfululizo. Alipanda hata hivyo. Mimi nilikuwa juu ya mnazi wa pili, nakata karara. Nilisikia kotama yake, kisu cha kugemea, ikigonga jiwe, kisha kishindo. Nilipomfikia alikuwa macho.

"Tarsun," akaniambia, "ondoka, umenikalia miguu."

Nilikuwa nimepiga magoti kando ya kichwa chake.

Hospitali walimtia vyuma mgongoni. Uti ulikuwa umeumia. Kuanzia kitovuni kwenda chini hakusikia kitu. Alirudi baada ya wiki saba, na hapo ndipo nyumba ile ilipokosa raha. Asubuhi alitaka kitanda kikae dirishani, adhuhuri mlangoni, alasiri jikoni. Alituuliza nani kapanda mnazi upi, akatutukana kwamba tunakata vibaya.

"Jana dirishani, leo mlangoni," Wartini akamwambia siku moja. "Kesho nikupandishe darini?"

Narsim alimtazama mkewe, halafu akacheka mpaka akakohoa. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu aanguke.

Lakini kitanda kilihama, mwili haukugeuzwa; kidonda cha kulalia upande mmoja kilimtoka makalioni, naye hakujua kwa kuwa hasikii. Kilimlaza kifudifudi miezi minne. Kipindi hicho hakutaka kuhamishwa popote, na ukimya wake ulitutisha kuliko matusi.

Muuguzi Retno, aliyekuja kumsafisha, alileta karatasi ya maswali. "Pak Narsim, kutoka sifuri hadi kumi, unaridhika na maisha yako kiasi gani?"

"Mbili."

Akaandika.

"Futa. Weka nne, leo Wartini kapika majani ya muhogo. Ngoja. Tatu, kazidisha pilipili."

"Pak, karatasi itatoboka."

"Basi waandikie kwamba inategemea na saa."

Retno ndiye aliyemtajia Sakum wa kilima cha pili, mgema aliyeanguka Machi na ambaye sasa alikuwa amegeukia ukuta, hali chakula, hasemi. Kidonda kilipofunga, Narsim hakutupa nafasi. Nipelekeni kwa Sakum, nipelekeni kwa Sakum. Tukampakia kwenye pikipiki ya matairi matatu ya kubebea sukari, tumemfunga kwa mito kama mayai.

Sakum hakugeuka. "Umekuja kunihubiria?"

"Nimekuja kuona kama godoro lako ni zuri kuliko langu."

"Rudi kwako."

"Nirudi vipi? Tarsun kaenda kunywa chai."

Narsim akaniita mlangoni nilikokuwa na kikombe, akaomba nimsogeze karibu, akashusha suruali, akamwonyesha kovu. Sakum akageuza shingo kutazama. Ukubwa wa kisahani. Akatoa kioo kidogo mfukoni, akamfundisha kujitazama nyuma na kujiinua kwa mikono kila baada ya muda mfupi. "Kazi yenyewe ni kutotulia," alisema. "Mimi nimezaliwa nayo. Wewe itabidi ujifunze."

Sakum alijifunza. Alikaa kitako, akaanza kusuka vikapu. Mvua zilipokuja akapata homa ya figo, akafa baada ya siku tano.

Narsim alitoka mazishini akaomba kitanda chake kigeuzwe kuelekea ukuta. Wartini alikigeuza. Siku ya kumi na moja akamletea sufuria ya utomvu na mwiko, akaketi.

"Mke wa Sakum kauliza habari zako," alisema. "Anasema miezi ile ya mwisho mumewe alikuwa anamtania tena."

Narsim alishika mwiko, akakoroga muda mrefu. Kisha akauliza, "Kuna aliyeanguka kule kijijini Sokawera?"

Alikuwepo. Sasa anazungukia nyumba tisa za walioanguka, na pikipiki anaiendesha mwenyewe, breki zote zikiwa za mkono. Wartini analalamika kwamba alitarajia mume wa nyumbani, akapata mpita njia. Si kila siku ni njema. Zipo asubuhi namkuta anaipiga miguu yake ngumi, nami nangoja uani mpaka amalize.

Wiki iliyopita alinikuta chini ya mnazi mkubwa bila mkanda wa usalama.

"Unanibana kiuno, Kang," nikamwambia.

"Ukubane. Mimi hapa siondoki."

Nikaufunga, nikapanda. Alikaa pale chini akinielekeza vibaya kukata makarara asiyoyaona, mpaka niliposhuka.