Amana ya Baharia

Mwaka wangu wa kwanza wa chuo nilirudi likizo kijijini kwetu, nje kidogo ya Namanyere, nikiwa na karatasi moja mfukoni na majivuno ya mifuko yote. Juni ya Ufipa haina mzaha. Upepo uliponichosha nikafungua sanduku la babu, nikatoa sweta nyeupe ya sufu, nikaivaa.

Babu akaingia. "Vua."

"Shikamoo babu. Baridi hii..."

"Vua kwanza. Salamu baadaye."

Nikavua. Nilikuwa nimesahau, au usomi ulinisahaulisha: sweta haikuwa yake. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia babu alikuwa askari wa Keya, jeshi la Mwingereza, akilinda gati huko Seiloni, Sri Lanka ya leo, zilikotia nanga nyambizi za Waingereza. Siku moja baharia mmoja, akienda kushuka chini ya maji, alimwachia ile sweta: nitunzie, nikirudi nitaichukua. Kikosi cha babu kikahamishwa kabla nyambizi haijarudi.

Kwetu amana haivaliwi wala haiuzwi. Humrudia mwenyewe, na mwenyewe akifa, amana nayo huzikwa. Babu alikuwa anakohoa vibaya sasa, na hakutaka kufa na mali ya mtu. Ndiyo maana alinituma nikaitafute nyambizi ile katika vitabu vya chuo. Namba ya ubavuni mwake hakuisahau.

Shangazi akachungulia kutoka jikoni. "Si mtoto akajinunulie yake sokoni Mazwi? Nguo za mitumba, kafa Ulaya, siku hizi zimejaa tele."

"Hizo wenyewe wamekufa," babu akasema. "Wa hii sijaambiwa. Soma."

Nikatoa karatasi, nikasoma. Mabaharia wa nyambizi ile walizamisha meli za Wajapani. Kisha wakazingirwa mchana kutwa, mabomu yakipasuka juu yao, nao wamekaa gizani bila kunong'ona, hewa ikiwaishia. Babu alikuwa amekunja ngumi magotini. Hata kikohozi alikibana.

Hapo nikaishusha karatasi. Mstari uliofuata ulisema waliibuka wote wazima, na vita vilipokwisha wakarudi kwao. Nikamtazama mzee anavyotokwa jasho katika baridi ile, nikaona kwamba neno moja, "walizama", lingemruhusu azike sweta apumzike. Nilikuwa tayari kuua Waingereza hamsini kwa huruma. Msomi gani hajawahi kurekebisha chanzo chake?

"Walitoka?" akauliza, sauti haisikiki vizuri.

Ujasiri wa kuua ukaniishia. "Walitoka, babu. Wote."

Akakiachia kikohozi, kirefu, mpaka shangazi akaja na maji. Alipotulia akacheka.

"Mjinga wewe! Mbona unaniambia kama unaleta msiba?" Akaikunja sweta, akaniwekea mapajani. "Yeye anaishi, mimi sina siku nyingi. Kizungu chao unakisoma. Akija, mpe."

Babu hakuzifikia mvua za mwaka ule. Mimi nimepita hamsini. Kila Juni nikienda nyumbani naitoa sweta sandukuni, naikung'uta nondo, naikunja alivyoikunja yeye. Kisha navaa koti langu la Mazwi, la marehemu nisiyemjua, na kutetemeka kidogo.