Kifupa cha Mwisho wa Mgongo

Mtoto alizaliwa na mkia. Sisemi kwa mafumbo: kilikuwa kinyama laini, urefu wake kama kidole changu cha mwisho, kimening'inia pale mgongo unapoishia. Mtoto mwenyewe alikuwa wa kike, mzima, analia vizuri. Mimi nilikuwa mkunga wa zahanati mpya katika kijiji cha ujamaa upande wa Natta. Nilikuwa nimeshapokea watoto wengi, ila mkia ulikuwa wa kwanza.

Mama yake, binti aliyeolewa msimu uliotangulia, alikuwa amelala hoi, hana habari. Aliyeuona ni mama mkwe wake, ambaye alikuwa amenishikia beseni la maji. Beseni likamponyoka.

"Nesi, hiki ni nini?"

Ningesema tu ni nyama iliyozidi, tutampeleka hospitali ikatwe. Wangeniamini, maana watoto wenye kidole cha sita walikuwepo pale kijijini na hakuna aliyewasumbua. Lakini nilikuwa msichana, nimetoka chuoni juzi juzi, na elimu ilikuwa inaniwasha ulimi. Nikaenda kabatini nikatoa kitabu changu cha masomo.

Kulikuwa na picha ya mifupa ya mtu na mifupa ya sokwe, imesimama bega kwa bega. Nikamwonyesha mbavu kwa mbavu, mkono kwa mkono, vidole kwa vidole. Nikamwonyesha kile kifupa kilichojikunja mwisho wa mgongo, cha mtu na cha sokwe, mabaki ya mkia yaliyojificha ndani. Nikamweleza kwamba kila mtoto huota mkia mdogo akiwa tumboni, kisha hunywea, na huyu wake haukunywea wote.

"Mama, sisi na hawa tulitoka kwa babu mmoja, zamani sana. Na wazee wa babu huyo walikuwa na mikia. Hakuna ubaya wowote."

"Huyu ni mnyama gani?"

Mama yule hakuwahi kumwona sokwe. Serengeti yote hayupo. "Ni kama nyani," nikasema, "ila huyu hana mkia."

Nyani! Katika wanyama wote aliowaumba Mungu! Kwetu kila ukoo una mnyama wake. Humuui, humli, na ukikutana naye njiani unampisha. Ukoo wa mama yule na mwanawe ulimheshimu pundamilia. Binti aliyelala pale kitandani, ukoo aliozaliwa ulimheshimu nyani. Sikujua kwa sababu sikuuliza. Mimi, binti wa kutoka Nkende, niliyechapwa utotoni kwa kumtania mnyama wa ukoo wetu, sikuuliza.

Mama yule alikitazama kitabu. Alishika mambo matatu: babu mmoja, nyani, mkia. Kwa hesabu yake, damu ya upande mmoja isingeotesha mkia, kwa hiyo mtoto alikuwa wa ukoo wa nyani kwa mama na kwa baba pia. Maana yake mke wa mwanawe alikuwa amelala na mwanamume wa ukoo wake mwenyewe, ndugu yake. Na hilo kwetu si jambo la kumaliza kwa mbuzi. Ni mwiko unaochafua boma zima.

Zamani, kabla ya watu kuhamishwa, boma lilikuwa mbali na boma, na neno kama hilo lingeweza kufa njiani. Lakini kijijini tulipangwa kwa mistari, mlango kwa mlango. Uji wa mchana haujaiva, balozi wa nyumba kumi alikuwa ameshasikia kwamba nesi ana kitabu kinachothibitisha. Kitabu changu! Nilizunguka nyumba hadi nyumba nikieleza kwamba kifupa kile ni cha watu wote, wa pundamilia na wa nyani, hata mimi ninacho. "Anamtetea msichana mwenzake," wakasema. Kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyozidi kulikoroga.

Binti aliapa mbele ya wazee. Akaja akaapa na mbele yangu, akanishika mkono. "Dada, waambie. Wewe umesoma, watakusikia."

Nilikuwa nimeshawaambia, na walikuwa wamenisikia vizuri.

Hospitali waliukata ule mkia, wakaacha kovu dogo tu. Lakini hakuna aliyekuwa na haja na kovu. Walimrudisha kwao, ng'ambo ya mpaka wa Sirari, mtoto mgongoni. Niliwapa madereva wa malori salamu wampelekee, tena na tena. Majibu hayakurudi. Mumewe akaozwa mke mwingine.

Niliendelea kuzalisha, na kila mtoto nilipomgeuza kumfuta mgongo, nilitazama kwanza pale unapoishia.

Kisha, miaka kadhaa baadaye, msimu wa mvua, mama mkwe yule aliteleza kisimani akaangukia makalio. Wakamleta kwangu hawezi kukaa. Tangu mambo yale hatukuwa na maneno zaidi ya shikamoo na marahaba. Nilimlaza ubavu, nikauchukua mkono wake mwenyewe nikaupeleka nyuma, taratibu, mpaka mgongo unapoishia.

"Ni hapa, mama?"

"Hapo hapo."

Hakuuondoa mkono. Vidole vyake vilikuwa vinakipapasa kile kifupa, vinakifuata kinavyojikunja kuingia ndani.

"Nesi, hiki ni nini?"

Lilikuwa swali lile lile. "Ni kile cha kitabuni, mama. Kila mtu anacho."

"Hata sisi wa pundamilia?"

"Hata nyinyi."

"Sasa siku ile mbona hukunishikisha?"

Ningeweza kujibu kwamba ilikuwa heshima, kwamba msichana wa kwetu hamgusi kiunoni mama wa rika la mkwewe. Ni kweli, lakini si kweli yote. Siku ile nilikuwa na kitabu, na nilipenda nionekane nina kitabu. Ningemshika mkono tu, kazi ingekuwa imeisha.

Akaanza kulia, mkono bado uko nyuma, na haikuwa kwa maumivu ya kuanguka.

"Mjukuu wangu," akasema. "Atakuwa ameshaanza shule."

Nikamwambia ndiyo, mama, atakuwa ameanza.