Mgeni Niliyemkalisha Kwenye Mbuzi ya Nazi

Nasimamia hosteli ya vikundi hapa Nguvumali. Juzi tulikuwa tunangoja wageni wanaotetea haki za wafanyakazi wa ndani, pamoja na mpishi wa kibarua kutoka Tongoni. Asubuhi akaingia mama mmoja wa makamo, kajifunga kanga. Hata kumwamkia shikamoo sikukumbuka. Nikamwambia amechelewa, nikamkalisha kwenye mbuzi akune nazi.

“Naomba maji kwanza,” alisema.

“Maji utakunywa ukimaliza.”

Akaanza kukuna. Alipopumzisha mkono, nikamkaripia.

Basi la wageni likafika. Wawili wakachungulia jikoni.

“Mwenyekiti, mbona uko huku?”

Yule mama akajifuta chembe za nazi mikononi.

“Nilitaka kuona wafanyakazi wa hapa wanatendewaje,” akasema, akanitazama. “Nimeshaona.”