Mikono ya Bibi

Kila ninaponusa samli, hata hapa Lusahunga kwenye moshi wa malori, namwona bibi uani kwetu Bugarama, siku alipokuja mpiga picha. Majirani waliazimana koti moja la mpiga picha huyo ili watoke pichani kama watu wa mjini. Bibi alilikataa. Alijipaka samli, akavaa shanga, akainua mikono kama pembe za ng'ombe, tunavyocheza ngoma sisi Wahangaza.

"Shusha mikono, mama, haiingii kwenye picha," alisema mpiga picha.

"Rudi nyuma wewe."

"Bibi, shuleni watanicheka," nilimnong'oneza.

"Waje wanicheke mimi. Sishushi."

Mikono ilibaki juu. Mpiga picha akarudi nyuma, akarudi tena, mpaka akazama migombani, ndipo akabonyeza.